Majirani wale wa Compton

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tumemaliza msimu wa kwanza wa tamthilia ya Them, ile ya familia ya Weusi inayohamia mtaa wa Wazungu huko Compton, California, mwaka 1953. Mume wangu anasema wale majirani wametiwa chumvi: nani ataweka viti na redio mbele ya nyumba ya mtu kwa sababu ya rangi yake? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mizimu ndiyo ya kutunga, chuki ilikuwepo. Mwaka 1953 hati nyingi za nyumba Marekani bado zilikuwa na kifungu cha kuwazuia Weusi, ingawa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1948, kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama zisikitekeleze. Majirani wakajitwalia kazi hiyo: matusi, mawe, moto. Betty, yule jirani anayewaongoza wenzake, ananitisha kuliko zimwi lolote, maana anaamini kabisa anailinda nyumba yake.