Wasomaji Wauliza: Sejibrashi, Kichaka cha Fahari ya Nevada

Msimu wa mpira wa Marekani vyuoni ukianza, wasomaji wetu wa Reno, Boise na miji ya jirani hutuandikia kuhusu kichaka kimoja wanachokiona kila mahali: kwenye bendera, kwenye gazeti la wanafunzi na vilimani nyuma ya uwanja. Ni sejibrashi, kichaka cha jamii ya pakanga chenye majani ya kijivu cha fedha. Wataalamu wa mimea hukiita Artemisia tridentata. Safari hii tumekusanya barua hizo pamoja.

Mwanangu anasoma Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Timu yao ni Wolf Pack, yaani kundi la mbwamwitu, lakini wazee wa pale wakizungumzia chuo wanataja kichaka. Kwa nini? (Baba wa mwanafunzi, Reno)

Kwa sababu kichaka kilitangulia, ndugu. Kabla ya jina la mbwamwitu kushika mwanzoni mwa miaka ya 1920, timu za chuo hicho ziliitwa Sagebrushers, Sage Warriors au Sage Hens, yote majina yaliyotoka kwenye mmea huu. Mbwamwitu akachukua jezi, kichaka kikabaki na maandishi. Gazeti la wanafunzi lilianza mwaka 1893 kwa jina lingine, na tangu 1910 limebeba jina la Sagebrush. Kitabu cha kumbukumbu cha wanafunzi nacho kiliitwa Artemisia, kwa hiyo mhitimu wa zamani akifungua picha za timu ya enzi zake anaanza kwa kusoma jina la mmea huo kwenye jalada.

Jimbo lenyewe liliufanya ua lake mwaka 1917, na matawi mawili ya sejibrashi yenye maua ya njano yamo kwenye bendera ya Nevada chini ya nyota ya fedha. Timu ya mwanao ikicheza dhidi ya UNLV, yaani Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ataona pia wanavyogombea Fremont Cannon, mzinga wa kilo 247 hivi ambao mshindi huupaka rangi yake: buluu kwa Reno, nyekundu kwa Las Vegas. Ni nakala ya mzinga aliokuwa nao mpelelezi wa Marekani John C. Frémont alipopita nchi hiyo ya sejibrashi akautelekeza kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada mwaka 1844.

Mizizi ya kumbukumbu hizi inashuka chini zaidi ya chuo chochote. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Luther Cressman wa Chuo Kikuu cha Oregon alichimbua, katika pango la Fort Rock jimboni humo, makumi ya viatu vya ndara vilivyosukwa kwa magome ya sejibrashi. Vilikuwa chini ya majivu ya volkano, na umri wake umepimwa kuwa zaidi ya miaka 9,000. Wenyeji wa asili, Wapaiute, Wawasho na Washoshoni, waliishi na mmea huu tangu zamani, na bado wapo. Anayeuvaa uwanjani ajue anavaa kitu chenye wenyewe.

Shikamooni wahariri. Binti yangu anahitimu Reno na nataka kumtengenezea shada la mlangoni na kishada cha kifuani kwa siku ya mechi ya wahitimu. Mwaka jana rafiki alijaribu, majani yakapukutika yote. Alikosea wapi? (Mama wa mhitimu, Sparks)

Marahaba, mama, na hongera kwa binti. Inaelekea rafiki yako alikata matawi, akayaacha yakauke, kisha ndipo akaanza kuyakunja. Tawi kavu la sejibrashi halikunjiki, linavunjika, na kila likivunjika linamwaga majani. Shada linafungwa likiwa bichi na linakaukia palepale kwenye fremu.

Kata ncha laini za mwaka huu, urefu wa sentimita 12 hadi 15, asubuhi umande ukishakauka. Chukua kidogo kidogo kutoka vichaka vingi, usizidi sehemu moja ya kumi ya kichaka kimoja, wala usikate tawi la zamani lenye gome, maana hapo hakichipui tena. Kwa fremu ya waya ya sentimita 30 utahitaji vishada 40 hadi 50, kila kimoja ncha 3 au 4. Anza popote, weka kishada cha kwanza, kizungushie waya mwembamba mara tatu ukiukaza, kisha kinachofuata kilalie shina la kilichotangulia kwa nusu ya urefu wake. Usikate waya mpaka umalize mzunguko. Vibananishe sana, hata kama unaona umezidisha, kwa sababu majani yakikauka yanasinyaa na fremu inachungulia. Ukimaliza, lilaze juu ya wavu mahali penye kivuli na hewa kwa wiki 2 au 3. Jua kali hulipausha, na chumba kisichopitisha hewa hulitia ukungu upande wa chini.

Kishada cha kifuani ni rahisi: ncha 3 za sentimita 8, mbili za pembeni fupi kidogo kuliko ya kati, zifungwe kwa utepe wa maua kisha utepe wa buluu na wa fedha, rangi za chuo. Futa utomvu kwenye mashina kwanza, unanata na unaacha doa kwenye joho.

Mambo mawili ya usalama. La kwanza ni maua. Sejibrashi huchanua kati ya Agosti na Oktoba, na chavua yake inayopeperushwa na upepo ni kero kubwa kwa wenye mzio na pumu. Mechi za wahitimu huangukia majira hayohayo, kwa hiyo chagua ncha zisizo na mashuke ya maua, au kata Juni na Julai, ulifunge likiwa bichi likauke mapema. La pili ni moto. Harufu ile nzuri inatokana na mafuta kama kafuri, na mafuta hayo yanawaka haraka. Shada lisikae karibu na mshumaa, wala karibu na majiko ya nyama choma ambayo mashabiki huyawasha maegeshoni kabla ya mechi.

Sisi tunaishi Boise, tulitoka Bukavu. Vijana wetu wa shule walileta nyumbani matawi ya "sejibrashi" yenye maua ya njano ya kung'aa, lakini hayanukii kama watu wanavyosema. Ndiyo yenyewe? (Msomaji, Boise, Idaho)

Hapana. Maua ya njano inayong'aa mwezi wa Septemba ni ya kichaka kingine, Ericameria nauseosa, kinachoota palepale kando ya barabara. Majani yake ni membamba kama uzi na vitawi vyake vina manyoya laini. Maua ya sejibrashi ni madogo sana, ya njano iliyofifia, ukipita haraka huyaoni.

Alama ya uhakika ni jani: lina umbo la kabari, urefu wa sentimita 1 hadi 4, na ncha yake ina meno matatu. Lakini hata hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kichaka kingine, Purshia tridentata, nacho kina majani yenye meno matatu. Yake ni ya kijani na hayana harufu. Basi lifikiche jani vidoleni. Likiwa la kijivu, lina meno matatu na linanukia kafuri mpaka puani, ndilo. Harufu hiyo hupanda zaidi baada ya mvua ya kwanza, na ndiyo ambayo waliokulia huko huitamani wakiwa mbali kuliko wanavyotamani kuuona mmea.

Kuhusu kuchuma: mbuga na hifadhi nyingi hukataza kabisa, na mashamba yana wenyewe. Ardhi ya umma chini ya BLM, idara ya shirikisho inayoisimamia, mara nyingi huruhusu kiasi kidogo cha matumizi ya nyumbani, ila kuchuma kwa kuuza, mbegu zikiwemo, kunahitaji kibali. Pigeni simu ofisi ya eneo lenu kabla ya kubeba mkasi.

Nimenunua miche miwili ya sejibrashi dukani, mmoja umekufa kwenye chungu. Niuokoeje wa pili, na je, naweza kuotesha kwa mbegu? (Mwanafunzi, Reno)

Karibu kila anayeiua sejibrashi huiua kwa maji. Reno hupata mvua na theluji ya kama milimita 190 tu kwa mwaka, na sehemu kubwa huja majira ya baridi. Mmea umezoea kunywa wakati wa baridi na kuvumilia kiangazi. Ukiumwagilia kila siku, mizizi inaoza, majani yanakuwa ya njano kisha meusi kuanzia chini, na ukiona hivyo, kuupa maji zaidi ni kuumaliza.

Tumia chungu kirefu, kina cha sentimita 40 au zaidi, chenye matundu makubwa chini, maana mzizi mkuu unashuka wima. Changanya udongo wa kawaida nusu, mchanga mkavu wa chembe kubwa nusu. Mbolea acha kabisa, itaurefusha uwe dhaifu uanguke. Jua la saa 6 kwa siku ni la lazima, na ndani ya nyumba hauishi muda mrefu hata mbele ya dirisha. Kiangazi cha kwanza mwagilia kwa kina mara moja kila siku 7 hadi 10, ukihakikisha sentimita 5 za juu zimekauka. Mwaka wa pili punguza hadi mara moja au mbili kwa mwezi.

Usishtuke Julai majani makubwa yakianguka. Sejibrashi ina majani ya aina mbili: makubwa ya majira ya chipukizi, ambayo huyatupa joto likizidi, na madogo ambayo hubaki mpaka baridi ipite. Wengi huliona hilo, wanadhani kiu, wanamimina maji, na hapo ndipo mmea unapokufa kweli.

Mbegu hukomaa Oktoba hadi Desemba na ni ndogo kama vumbi, kilo moja ina mamilioni. Zinapoteza uhai upesi, kwa hiyo tumia za msimu huohuo. Kosa kubwa ni kuzifukia. Zinahitaji mwanga ili ziote, basi zitawanye juu ya udongo uliolowa, zigandamize kwa kiganja, nyunyiza kwa chupa ya kupulizia maji na uziweke penye nyuzijoto 15 hadi 20. Zitachipua ndani ya wiki 1 hadi 3. Mbegu zilizotoka milimani zitunze kwanza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kwa wiki 2 hadi 4. Njia isiyo na kazi ni kuzitupa nje mwishoni mwa vuli theluji ikikaribia, baridi itafanya mengine.

Na kichaka kikubwa cha porini usikichimbe kukileta bustanini. Mzizi wake mkuu utaukata, na hakuna kumwagilia kutakakouponya.

Kuna timu California inaitwa Sagehens. Nao ni watu wa sejibrashi? (Msomaji, Los Angeles)

Kwa jina ndiyo. Ni timu ya pamoja ya vyuo vya Pomona na Pitzer mjini Claremont, na kinyago chao ni ndege anayeitwa Cecil. Ndege mwenyewe, Centrocercus urophasianus, haishi huko. Anaishi kwenye nyika za sejibrashi za Nevada, Idaho, Wyoming na majirani, na majira ya baridi chakula chake ni karibu majani ya sejibrashi pekee. Vilima vya Claremont vina mmea ndugu wa sejibrashi, Artemisia californica, wenye majani kama nyuzi.

Moto wa mwaka juzi uliteketeza kilima karibu nasi. Nyasi zimerudi, sejibrashi haijarudi. Itarudi lini? (Msomaji, kaskazini mwa Nevada)

Peke yake, huenda ikachukua miongo mingi, na penye ukame isirudi kabisa. Vichaka vingine vikiungua huchipua upya kutoka shinani. Sejibrashi hii haichipui, hufa, na mbegu zake haziendi mbali, nyingi huanguka mita chache kutoka kwa mama. Nafasi hiyo huchukuliwa na Bromus tectorum, nyasi iliyoletwa kutoka Ulaya na Asia. Huota vuli, hukauka mapema kiangazi, kisha huwa kuni laini za moto unaofuata. Moto ukija tena kabla miche haijafikia miaka 2 hadi 4 ya kuanza kuzaa mbegu, eneo linageuka kuwa nyasi tupu.

Kinachosaidia ni kupanda ndani ya msimu wa kwanza baada ya moto, vuli au baridi, kabla ya nyasi hiyo kujaa. Mbegu zitoke eneo lenye mwinuko na mvua zinazofanana: aina ya wyomingensis kwa tambarare kavu, vaseyana kwa milimani, na tridentata kwa mabonde yenye udongo wa kina. Ukipanda ya mlimani bondeni, huenda ikaota kisha ikafa kiangazi. Vikundi vya wanafunzi na mashabiki wanaotaka kuifanyia alama yao jambo la maana, hapa ndipo pa kuanzia: ombeni kushiriki upandaji wa ofisi ya ardhi ya umma, na mng'oe nyasi ile kuzunguka kila mche kwa upana wa nusu mita.

Kaka yangu yuko Reno. Nimesikia mmea huo ni wa jamii ya ule wa dawa ya malaria. Anaweza kunitumia majani nichemshe? (Msomaji, Mwanza)

Usiyachemshe. Dawa mseto unayopewa hospitali inatokana na artemisinini, na hiyo hutolewa kiwandani kutoka kwa Artemisia annua, si sejibrashi. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya majani hata ya Artemisia annua kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki. Ukiwa na homa, pima kwanza.

Kama unataka ukumbusho tu, kaka asitie tawi kwenye bahasha. Sehemu za mimea kuingia Tanzania zinahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na Kenya ni vivyo hivyo kupitia KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa mimea. Bila karatasi hizo kifurushi kinaweza kuzuiwa na kuharibiwa. Picha ya kilima na fulana ya chuo zinapita bila kibali.