Mfugaji aliyeandika historia ya shamba lake

Ndugu, umeuliza kama kuna mkulima aliyewahi kuandika historia ya mazingira. Yupo Herbert Guthrie-Smith, mzaliwa wa Uskoti (1862), aliyefuga kondoo huko Tutira, Nyuzilandi, kuanzia mwaka 1882. Kitabu chake cha mwaka 1921, kinachobeba jina la shamba hilohilo, kinaeleza kwa subira ya ajabu jinsi kwato za kondoo zilivyochonga vijia milimani na magugu ya kigeni yalivyoingia. Na katika dibaji ya toleo la baadaye, aliyoiandika uzeeni, alijiuliza iwapo kazi yake ya miaka 60 haikuwa uharibifu ulioitwa maendeleo. Sisi wa Tabora, tunaokata miombo kwa ajili ya mabani ya kukaushia tumbaku, swali hilo tunalielewa bila mkalimani.