Acha kwanza hiyo gyokuro, shida ni maji yako

Mkuu, USILIPE. Kama pesa bado iko kwenye simu, iache hukohuko.

Unasema ulinunua sencha ya kawaida, ile chai ya kijani ya Kijapani, isiyo na limau wala mnanaa wala ua lolote, ukaipika, ukaikuta chungu kama mwarobaini. Ukarudi kwa muuzaji, naye akakwambia tatizo ni daraja la majani, upande ngazi hadi gyokuro, nayo ya kijani ya Kijapani lakini ya bei ya juu, "chai ya wakubwa". Sasa unatuuliza kama hiyo inamfaa anayeanza, duka gani la Dar lina bei nzuri, na kama kweli inaondoa kitambi.

Hebu rudi kwenye sentensi yako mwenyewe pale katikati: "naichemsha dakika kumi ili itoke vizuri". Umeshajijibu.

Ngazi hiyo mimi nimeipanda yote. Nilianza na yale majani ya Kichina yaliyoviringwa vidonge, gunpowder. Sufuria ileile ya chai ya maziwa, moto juu, mfuniko. Chungu. Muuzaji wangu, naye wa mtandaoni, picha safi na sauti ya upole, akasema, "Bosi, hizo ni za chini, jaribu sencha." Nikajaribu. Chungu. "Basi bosi, wewe mdomo wako unataka gyokuro." Nikakubali kwamba mdomo wangu una hadhi hiyo. Gramu mia moja, kwa pesa ambayo mke wangu mpaka leo anajua iliingia kwenye gia boksi ya gari.

Nikaichemsha nayo.

Uchungu wa bei ya chini na uchungu wa bei ya juu, ulimi wangu haukuona tofauti. Nikakaa nayo kabatini, kila nikiijaribu najilazimisha kumeza huku nikijiambia labda utamu wake unahitaji mazoezi. Mwisho nikaanza kuwapa wageni. Wageni wakapungua, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata.

Sikiliza kilichonitia hasira nilipokuja kuelewa. Shamba la gyokuro kule Japani hufunikwa kwa karibu wiki tatu kabla ya kuchuma, majani yasipigwe na jua. Kwenye jani la chai kuna kitu kinaitwa thianini, asidi amino ambayo ndiyo inaleta ule utamu laini. Jani likipigwa na jua, sehemu ya thianini hugeuka katekini, na katekini ndizo zinazokausha mdomo na kuleta uchungu. Kwa hiyo unapolipa bei ile, unacholipia ni kivuli. Mimi nikalipia kivuli cha wiki tatu, nikakichemsha kwenye sufuria! Thianini hutoka hata kwenye maji ya uvuguvugu. Katekini ndizo zinazopenda maji ya moto, na kadiri yanavyokuwa ya moto na unavyokawia kuchuja, ndivyo zinavyomwagika. Gyokuro inatakiwa maji ya nyuzi 50 hadi 60. Na mimi niko Mbeya, huku juu maji yanachemka kabla hata ya kufika nyuzi 95, na bado niliiharibu. Wewe uko Dar, yako yanafika 100 kamili.

Tunaponzwa na mazoea. Chai yetu ya Tukuyu au Mufindi unaweza kuichemsha na tangawizi mpaka jirani asikie harufu, na bado inanyweka, kwa sababu ile nyeusi imeachwa ibadilike kiwandani na katekini zake nyingi zimeshageuka vitu vingine. Ya kijani hukatishwa mapema kwa joto, Wachina kwenye karai, Wajapani kwa mvuke, ili isibadilike. Katekini zimo karibu zote, zinasubiri wewe uwashe jiko.

Sasa niambie, muuzaji anayeuza majani haya kila siku hajui hilo? Katika ujumbe wote tuliotumiana, sauti na maandishi, hakuniuliza hata mara moja, "Kaka, unaipikaje?" Swali dogo. Lakini angeuliza, angeishia kuniuzia ile ya kwanza tu. Wa kwako naye kakuuliza? Hajauliza, na hatauliza, ana gyokuro ya kumaliza kabla haijachakaa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usibadilishe majani kabla hujabadilisha maji. Kipimajoto huhitaji. Chukua vikombe vitatu vya maji yaliyotoka kuchemka, changanya na kimoja cha maji ya kunywa ya kawaida, hapo Dar unapata nyuzi 80 na kidogo. Ukiona bado kali, viwili kwa kimoja, unashuka hadi 75 hivi. Ndipo uweke majani, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, dakika moja, ikizidi sana moja na nusu, kisha chuja YOTE. Usiyaache majani yaogelee huku unajibu meseji. Majani hayohayo unayamwagia tena mara ya pili, hapo hata nusu dakika inatosha. Sufuria iache ipumzike.

Ukishazoea hivyo na bado unataka kubadilisha, kwa anayeanza mimi ningeenda hojicha. Ni majani ya kijani ya Kijapani yaliyokaangwa, uchungu wake mdogo, na inavumilia hata maji ya moto kabisa, kwa hiyo siku ukisahau haikuadhibu. Watakuja wabishi hapa kusema si ya kijani kwa kuwa maji yake ni ya kahawia, waacheni. Au Longjing ya Kichina, ile yenye majani bapa, inatoka na harufu ya njugu za kukaanga. Chochote kilichoandikwa jasmine ruka, hiyo imetiwa harufu ya maua na wewe umesema hutaki. Na nunua gramu 50, basi, hata akupe punguzo la namna gani kwenye kilo. Joto na unyevu wa Dar havitakusubiri uimalize. Ifunge isipitishe hewa, na usiiweke karibu na iliki au karafuu, inanyonya harufu usiku mmoja tu.

Lakini leo usinunue kitu. Sencha yako iliyobaki usiitupe. Usiku huu weka vijiko vinne vya chai kwenye jagi la lita moja, jaza maji ya kunywa ya baridi, ingiza kwenye friji ulale. Katekini kwenye maji baridi hutoka kidogo sana na polepole. Asubuhi chuja, onja kabla ya kuweka chochote.

Ikitoka chungu, njoo unitukane hapahapa kwenye uzi huu, sitajibu. Ikitoka tamu, lipige picha hilo jagi, mtumie muuzaji wako.