Turbo 350 inang'ang'ania gia ya kwanza: usishushe gia boksi kwanza

Mkuu, umesema Turbo 350 yako, ile gia boksi otomatiki ya General Motors, inashikilia gia ya kwanza mpaka injini inalia, halafu ya pili inaingia kwa kishindo. Ukauliza pia hizi otomatiki za zamani zinajuaje wakati wa kubadilisha gia wakati hazina kompyuta. Jibu la swali la pili ndilo linalotibu la kwanza.

Ndani ya gia boksi kuna vali ndogo za kuteleza, na kila vali inasukumwa pande mbili. Upande mmoja ni presha ya mafuta kutoka kwa gavana, kidude kinachozungushwa na shafti ya kutokea: gari likiongeza mwendo, presha yake inapanda. Upande wa pili kuna springi pamoja na presha inayotokana na mguu wako kwenye pedali ya mafuta. Gavana akishinda, vali inateleza na gia ya juu inaingia. Ukikanyaga sana, gavana anahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ashinde, ndiyo maana gia inachelewa. Kurudi chini hutokea kwenye mwendo mdogo kuliko ule wa kupanda, la sivyo gari lingekuwa linapanda na kushuka gia bila kutulia.

Sasa, kwenye 350 habari za mguu wako hazifiki kwa kebo. Kebo iliyopo ni ya kulazimisha gia irudi chini ukikanyaga mpaka mwisho. Kazi ya kila siku inafanywa na modyuleta, kopo dogo la bati upande wa abiria, nyuma ya gia boksi, linalopokea vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini. Vakyumu ikiwa kubwa, linaelewa unaendesha polepole. Ikikosekana, linadhani umekanyaga mpaka sakafuni: gia zinachelewa na presha yote inapanda, ndipo kinapokuja kile kishindo.

Kwa hiyo anzia hapo. Kutoka kwenye injini kuna bomba jembamba la chuma lenye vipande vya mpira kwenye ncha. Mipira hiyo hukauka na kupasuka, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Ipapase kwa vidole, usiitazame tu. Kisha chomoa mpira kwenye modyuleta. Ukikuta mafuta mekundu ndani, diaframu, yaani utando wa ndani, imetoboka na injini inayanywa mafuta hayo. Hizo ndizo gari zinazotoa moshi mweupe na kupungukiwa mafuta ya gia boksi huku chini hakuna hata tone. Modyuleta imeshikwa kwa bolti moja tu. Mafundi wengi hukimbilia kufungua klachi, mimi hilo silielewi kabisa.

Usichanganye na Powerglide, otomatiki nyingine ya zamani ya Chevrolet, ambayo ina gia mbili tu za mbele. Zile za 1950 hadi 1952 hata hazikubadilisha zenyewe: ukiweka D zinaondokea gia ya juu, kazi yote anaachiwa konveta, kile kinachounganisha injini na gia boksi kwa mafuta. L, gia ya chini, ilikuwa ya kuweka kwa mkono, nayo ilipakana na R, ya kurudi nyuma, mpangilio ambao kwa kweli ulikuwa wa hatari.

Kama gia inachelewa lakini inaingia laini, mshukiwa ni gavana. Yuko upande wa dereva, chini ya kifuniko cha duara kilichobanwa na waya. Mtoe, umwoshe, uhakikishe vali yake inateleza bila kukwama.