Mlanguzi wa Vienna na sindano iliyokuwa kama tui la tatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, filamu za zamani za uhalifu na mapenzi zilitufundisha kuwapenda wahalifu?" Nililisoma swali hilo nikiwa kwenye foleni ya benki, nikalirudia, na nilipofika dirishani nilikuwa nimesahau nilichofuata. Jibu langu la haraka ni hapana. Sisi tuliokulia Ngamiani, Tanga, tuliingia Majestic kutazama picha za Kihindi na za kareti, tukajua stelingi ni nani na adui ni nani kabla taa hazijazimwa, na sikumbuki aliyetoka pale akaenda kuvunja duka. Aliyevunja duka alikuwa na nia hiyo tangu asubuhi.

Ila mkiniruhusu nitajibu swali la jirani yake. Kinachoniuma mimi ni jinsi picha hizo zinavyomtendea yule anayemtoa mhalifu. Mwizi anapigiwa muziki, anapewa kofia nzuri na mwanamke wa kumlilia. Aliyemchongea anapewa nini? Kwetu anaitwa mnoko, na jina hilo halifutiki hata akihama mtaa.

Nitachukua picha moja tu, The Third Man ya 1949. Mwongozaji ni Carol Reed, Mwingereza, na hadithi ni ya Graham Greene. Imo katika zile picha za baada ya Vita Kuu ya Pili ambazo Wafaransa walizibatiza film noir, yaani filamu nyeusi: vivuli virefu, barabara zilizolowa, mwanamume aliyeinua kola ya koti, mwanamke mwenye siri. Nyingi zilitoka Hollywood. Hii ni ya Waingereza, na sehemu kubwa walikwenda kuipigia Vienna kwenyewe, magofu yakiwa magofu ya kweli. Mji ule ulikuwa umegawanywa kati ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi, hali iliyodumu hadi 1955, na kila kitu kilikuwa haba. Mtu mzima wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Penye uhaba pana mlanguzi.

Basi anafika Holly Martins kutoka Marekani, mwandishi wa vitabu rahisi vya kikauboi, hana pesa, ameitwa na rafiki yake wa tangu shule, Harry Lime. Anakuta Harry ndiyo kwanza anazikwa. Kumbe Harry hajafa. Yeye na wenzake wanaiba penisilini ya hospitali za jeshi, wanaizimua, wanaiuza. Na aliyemo ndani ya lile jeneza ni Harbin, mhudumu wa hospitali aliyekuwa akiwaibia dawa hizo, kisha akabanwa akawataja. Naomba msomaji aliyewahi kuiona picha hii ajiulize kama analikumbuka jina la Harbin. Mimi mwenyewe ilibidi niitazame mara mbili ndipo nikalishika. Mtu pekee aliyetoa taarifa tangu mwanzo amezikwa kwa jina la mwizi, na machozi ya makaburini yote ni ya mwizi.

Niliitazama mara ya kwanza 1992, nyumbani, na mama yangu. Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, kwa hiyo runinga yetu ilikuwa ya kutazamia kanda tu, na kanda zenyewe zilikuwa za kuazima. Hii aliileta jirani aliyerudi kutoka Uingereza, pamoja na nyingine mbili za mpira. Mama alikuwa muuguzi. Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya dawa na cha ripoti ya zamu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumfasiria, nimekaa mkekani karibu na deki, yeye kitini na bakuli la mchele anaochambua.

Muziki ulipoanza akasema, "Hiyo ganuni." Nikamwambia si ganuni, ni zither, chombo cha huko Austria. Akasema ni ganuni. Kwa kweli ni ndugu: nyuzi zimetandikwa juu ya ubao, zinadonolewa kwa vidole. Aliyeipiga ni Anton Karas, mpigaji wa vilabu vya mvinyo Vienna, ambaye Reed alimchukua mpaka London atunge muziki wa picha nzima. Basi mama akakaa akitazama kama yuko kwenye taarabu. Harry alipojitokeza kwa mara ya kwanza, saa nzima imekwisha kupita, paka amelala juu ya viatu vyake mlangoni gizani, mtu anawasha taa dirishani na uso wa mwigizaji wake, Orson Welles, unaonekana ukitabasamu kidogo, mama akacheka kwa sauti. "Mtundu huyu," akasema. Akampenda pale pale. Naliandika hili kwa sababu nitalirudia.

Kisha ikafika hospitali. Meja Calloway, polisi wa kijeshi wa Uingereza, amemweleza Holly yote: watu wenye vidonda vilivyooza, wanawake wazazi, watoto wenye homa ya uti wa mgongo waliodungwa dawa iliyozimuliwa. Holly amekubali kusaidia kumnasa rafiki yake, kisha amekataa. Njiani kuelekea uwanja wa ndege Calloway anasimamisha gari, eti ana jambo dogo wodini. Wanaingia. Kamera haituonyeshi mtoto hata mmoja. Tunaona uso wa Holly akiinama juu ya vitanda. Tunaona muuguzi akiokota dubu wa kuchezea, akimtupia ndani ya sanduku kichwa chini.

Nilikuwa nafasiri. Nikasikia punje za mchele zimeacha kulia kwenye bakuli. Mama akasema, "Nyamaza, nimeshaelewa."

Hakusema tena mpaka mwisho. Mwisho wenyewe mnaujua. Harry amewindwa kwenye mitaro ya maji taka chini ya mji, vidole vyake vimetokeza kwenye wavu wa chuma barabarani (vile vidole ni vya Reed mwenyewe), na Holly ndiye aliyemmaliza kwa risasi. Anazikwa mara ya pili, safari hii kweli. Calloway anampeleka Holly uwanja wa ndege. Wanampita Anna, mwanamke aliyempenda Harry na ambaye Holly naye amempenda, anatembea peke yake kwenye njia ndefu ya makaburini, miti pande zote mbili. Holly anaomba ashushwe. Anasimama kando, ameegemea mkokoteni, anamngoja. Kwa zaidi ya dakika moja hakuna kinachotendeka ila Anna kuja, kutoka mbali kama nukta, majani yanaanguka, ile ganuni ya mama inalia. Anamfikia. Anampita. Hageuzi hata jicho. Holly anawasha sigara.

"Kapita?" mama akauliza.

"Kapita."

"Bila salamu?"

"Bila."

"Rudisha."

Nikarudisha kanda. Tuliutazama mwisho ule mara tatu, na mara ya tatu akaniambia nizime. Ndipo nikaijua habari ya 1983, ambayo kwa miaka tisa nilikuwa najua vipande tu: kwamba mama aliwahi kuwa na shoga, kwamba tulimwita mama mdogo, kwamba siku moja akawa haji tena.

Walifanya kazi wodi moja ya watoto, hospitali ambayo sitaitaja. Sindano ya siku zile ilikuwa PPF, aina ya penisilini. Inakuja poda kwenye kichupa, unatia maji ya sindano, unatikisa, inatoka nyeupe. Mama alisema PPF sahihi ni nzito kama kasimele, mpaka inaziba sindano usipofanya haraka. Kuna wiki akaanza kuona watoto wa zamu iliyopita hawapati nafuu, na siku moja akakuta bomba lililoachwa kwenye trei, limejazwa tayari. Akaliinua dirishani. Lilikuwa kama tui la tatu. Nazi imekamuliwa, imekamuliwa tena, imebaki rangi.

Kichupa cha mtoto mmoja kilikuwa kinapewa watoto wawili watatu, na vichupa vizima vilikuwa vinatoka kwenye mkoba wa mama mdogo kwenda kwa mwanamume wake. Huyo mwanamume namkumbuka. Alikuwa akivusha sabuni na dawa ya meno kupitia Horohoro, mpakani na Kenya, wakati ambapo sabuni ilikuwa jambo la kuhadithiwa, na sisi watoto alitupa peremende. Mcheshi, shati limepigwa pasi. Penisilini aliwauzia wachoma sindano wa vijijini. Mama alisema mama mdogo hakuona hata senti; alikuwa anataka aolewe.

Mama alinyamaza wiki mbili. Alimwambia mwenzake mara moja, faragha, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, akajibiwa kwa kilio na ahadi. Baada ya siku nne akaliinua tena bomba dirishani. Na ule ndio mwaka wa msako wa serikali dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa; watu walikuwa wanatupa sabuni vichakani usiku wasikutwe nazo. Alijua vizuri kwamba akitia mguu ofisini, yanayofuata hayatakuwa barua ya onyo. Akatia mguu. Mama mdogo akachukuliwa mchana, na sare yake ya kazi. Mwanamume alishalala Mombasa.

Mama mdogo alikaa ndani miezi kadhaa, akaachiwa. Wodini mama alikuwa ameshapewa jina: Mama Polisi. Wauguzi wale wale waliokuwa wakinung'unika juu ya dawa nyepesi waliacha kumwekea chai. Halafu asubuhi moja yuko soko la Mgandini, upande wa samaki, akamwona shoga yake anakuja kwenye kile kichochoro chembamba, kikapu mkononi. Mama akasimama. Aliniambia alikuwa ameshatengeneza maneno, na mkono alikuwa ameshautoa ndani ya khanga. Yule akaja, akaja, akapita. Khanga zao ziligusana. Toka siku hiyo mama akawa ananunua samaki Makorora, na sisi tukawa tunalalamika ni mbali.

Mnaona sasa kwa nini swali lenu limenigusa. Nilikuwa nimekaa kuandika kwamba Anna amekosea. Nilitaka kuandika kwamba mwanamke aliyeelezwa habari za wale watoto na bado akampita Holly kama gogo hastahili ule muziki. Greene naye hakuutaka mwisho ule. Katika hadithi yake Anna na Holly wanaondoka pamoja, mkono kwa mkono. Reed ndiye aliyekataa, na Greene baadaye akakiri kwamba mwenzake alikuwa sahihi. Kwa miaka mingi nimemhesabu Reed kuwa ndiye aliyeidhulumu haki ya mama yangu.

Lakini nikiuandika hapa ule mwisho polepole, naona Reed hakumpa Harry ile dakika. Harry yuko chini ya udongo. Dakika ile nzima Holly yuko mbele yetu, tunasimama naye, tunangoja naye, na tunaaibika naye. Ni picha ngapi zimewahi kumkalisha mtazamaji upande wa mnoko kwa muda wote huo? Mama aliutazama mwisho ule mara tatu kwa sababu alijiona. Na Anna naye, hakuna pahali anaposema Harry alikuwa mwema. Anajua. Ana karatasi za bandia alizotengenezewa na Harry, Warusi wanamtaka, Holly amekwenda kupatana na polisi ili yeye apewe njia ya kutoka, na anaikataa njia hiyo kwa kuwa bei yake ni Harry. Huwezi kumlazimisha mtu akushukuru kwa kitu kama hicho. Mama mdogo pia nadhani alijua, tangu lile bomba la kwanza.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe, maana nimelitoroka vya kutosha. Nilisema hapana. Nimekumbuka mama alivyocheka pale mlangoni, na yule paka. Mwanamke aliyelipa alicholipa kwa sababu ya penisilini alimpenda mwizi wa penisilini kwa tabasamu la sekunde tano. Kwenye bembea kubwa la duara la Prater, Harry anamwonyesha Holly watu kule chini, anawaita nukta, anamuuliza kama angeikataa pauni 20,000 kwa kila nukta itakayoacha kutembea. Wanaposhuka anatoa ile hotuba ya saa za Uswisi za ukutani zenye kindege kinacholia, kwamba vita viliipa Italia wasanii wakubwa na amani ikaipa Uswisi saa hizo tu, aliyoiongeza Welles mwenyewe, na ambayo watu huinukuu kama busara. (Saa zile asili yake ni Schwarzwald, Ujerumani, lakini mlanguzi na ukweli wapi na wapi.) Na baada ya picha kuvuma, walifanya nini? Kuanzia 1951 Welles akaigiza tena Harry Lime redioni, safari hii tapeli mchangamfu wa kupendeza, wale watoto hawatajwi. Kwa Harbin hakuna aliyemtungia mchezo wa redio.

Kwa hiyo andikeni jibu langu ni ndiyo, zilitufundisha. Picha hii moja ninaitetea, kwa ajili ya ile dakika, ingawa nayo ina hatia ya lile tabasamu. Nyingine sizisemei, nimeziona chache na nyingi nilizifuata kwa ajili ya makoti. Na sijui kama utetezi wangu una maana kwa mtu ambaye hakukua na Mama Polisi nyumbani.

Mama yupo, ana miaka 81. Jana nilimpigia simu nikamuuliza kama anaikumbuka kanda ile ya ganuni. Anaikumbuka. Ila hataki kusikia habari za Anna kabisa, mwacheni apite. Analomlaumu Holly ni lile la kusimamisha gari. "Ndege inamngoja," anasema. "Alishukia nini?"