Beji na mikanda ya Beetle: kazi yote iko kwenye tundu

Ukiona Volkswagen Beetle ya zamani imetoka kupigwa rangi, halafu baada ya mvua mbili tatu kuna mchirizi wa kahawia chini ya mkanda wa mlangoni, ule utepe wa urembo unaong'aa, usiulaumu mkanda. Tundu la klipu, kile kishikizo kinachobana mkanda kwenye bodi, lilitobolewa au kukwaruzwa baada ya rangi, bati likabaki wazi, maji yakaingia. Kwa gari la Mombasa, Tanga au Unguja, linalopigwa na upepo wa chumvi kila siku, kutu hiyo haichelewi.

Ndiyo maana kazi ya mapambo huanza kabla fundi rangi hajashika msasa. Wakati wa kuvua, usivute mkanda kutoka ncha moja. Wengi huuita kromu, lakini ni alumini nyembamba, na ukishajikunja, alama haitoki. Bandika tepu ya karatasi kwenye bodi, ingiza kabari ya plastiki karibu na klipu ya kwanza, inua milimita chache, hamia ya pili. Beji zenye pini mara nyingi hushikwa kwa nyuma na vishikizo vidogo vya bati. Vipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Beji nyingi za zamani ni za aloi ya zinki, na pini zake hukatika kama biskuti ukizikunja.

Kabla gari halijaenda kupakwa rangi, weka karatasi juu ya matundu ya beji na uisugue kwa penseli mpaka viduara vitokee, kisha andika umbali wake kutoka ukingo wa boneti. Karatasi hiyo itunze kama kadi ya gari. Kuna mafundi wanaoziba kila tundu kwa puti na kusema "tutatoboa baadaye". Hiyo baadaye ndiyo inayozaa beji iliyopinda.

Vipuri vipya navyo vina mambo yake. Mikanda ya Beetle huuzwa kwa seti ya vipande 7: kimoja cha boneti na vitatu kila ubavu. Kuanzia modeli ya 1967 mkanda ni mwembamba na matundu yake ni madogo kuliko ya awali, kwa hiyo usinunue kwa kukisia. Beji za kunakili nazo huweza kupishana na matundu ya zamani kwa milimita 1 au 2. Zijaribu bodi ikiwa bado na praima, ile rangi ya msingi. Pini ikigoma, panua tundu kwa tupa ndogo ya mviringo upande inakoelekea. Beji yenyewe itafunika.

Kama bati ni jipya na halina tundu, tumia lipstiki. Bandika tepu kwenye bodi, paka lipstiki kwenye ncha za pini, sawazisha beji kwa macho na rula, kisha ibonyeze mara moja. Nukta zitakazobaki ndipo pa kutoboa. Gonga alama kwa ncha ya chuma ili drili isiteleze, anza na biti ya milimita 2 kwa mwendo wa polepole, ndipo upanue. Kwa pini ya milimita 3, tundu la milimita 3.5 linatosha. Kama beji hutumia kikombe cha plastiki kinachoingia tunduni kushika pini, pima kikombe, usipime pini. Ondoa makali ya tundu, paka praima ya zinki ukingoni kwa brashi ndogo, na fundi rangi aingize rangi humo pia.

Baada ya rangi, subira. Rangi ambayo haijakomaa hubaki na chapa ya mkanda, kwa hiyo ipe angalau wiki mbili. Beji za kubandika kwa gundi zingoje mwezi. Panga klipu zote ndani ya mkanda kwanza, zilingane na matundu, kisha zungushia kila moja mastiki laini ya butili, ule ute wa mpira unaonata na kuzuia maji. Silikoni inayonuka siki iache dukani: asidi yake inakula bati. Bonyeza kwa kiganja juu ya kila klipu. Nyundo haina kazi hapa, hata ya mpira. Klipu ikikataa, toa mkanda uangalie. Kwa kawaida imelala upande.

Mlangoni, teremsha na upandishe kioo kabla ya kurudisha kava la ndani, maana klipu ndefu inaweza kukikwaruza.

Mwisho mwagia maji kwa mpira dakika 10, fungua boneti, tia tochi nyuma ya kila tundu. Palipo na unyevu, toa klipu hiyo, ongeza mastiki, urudishe.