Usiuze Switch yako kisa wametangaza Switch 2

Mleta uzi umesema uko Moshi, una Nintendo Switch, konso ya gemu ya mkononi, ile ya 2017 na kadi zake saba za gemu, kuna dogo wa chuo kapanda dau mpaka laki tano na nusu, sasa unajiuliza uachie mzigo ukae na hela mkononi ukisubiri Switch 2 iliyotangazwa wiki hii ya Januari 2025, au ukomae nayo. Mimi niko Arusha, Sakina, ila nyumbani ni Kibosho, konso za mkononi nimeanza nazo enzi za PSP ya Sony, na jibu langu ni usiuze. Ngoja nieleze kidogo maana naona watu humu washaanza kutoana macho kuhusu chipu kana kwamba kuna mtu keshaishika.

Kilichosemwa ni kidogo sana wakuu. Tarehe 16 Januari 2025 Nintendo wametoa video ya dakika mbili na ushee, bei hakuna, siku ya kutoka hakuna, wamesema tu ni mwaka huu wa 2025 na maelezo kamili yanakuja tarehe 2 Aprili. Hayo mengine ni tetesi. Sema ile video nimeiangalia mara sita, ya mwisho naisimamisha na kuirudisha nyuma kama refa kwenye VAR, na kuna vitu nimeviona ambavyo mtu anayetumia hii mashine huku kwetu lazima vimguse.

Ule mguu wa nyuma wa kuisimamishia mezani, kwa mfano. Krismasi iliyopita tulikuwa Kibosho, si mnajua Desemba Wachaga wote tunarudi mgombani, basi watoto wa kaka na dada zangu kama tisa hivi wameizunguka Switch moja iliyowekwa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Mguu wa hii ya 2017 ni kijiti chembamba kimekaa upande mmoja, na kreti ina matundu, mtoto akibonyeza kwa hasira kidogo tu kitu kinalala chali. Tukaishia kuiegemeza kwenye chupa ya chai. Alafu hayajafika hata masaa matatu betri inaisha, na tundu la chaja liko chini kabisa, yani ukiisimamisha mezani huwezi kuichaji, mpaka uipeleke ukingoni waya uning'inie, ndo tukafanya hivyo na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuushika. Bibi yao anapita na sinia la ndizi anauliza hicho kidude chenu kinakula nini mbona kinachoka haraka hivyo. Sasa kwenye video mguu umekuwa mpana kama herufi U, unashika kulia na kushoto, na kuna tundu la pili la USB-C juu. Juu aisee! Nyie mnabishana kuhusu picha za 4K, mimi nilipoliona lile tundu nilipiga kelele ofisini mpaka bosi akachungulia.

Mario Kart, lile gemu la mbio za magari, waliyoionyesha nimehesabu magari kwenye mstari wa kuanzia, nafasi ni 24, wakati Mario Kart 8 mwisho wake 12. Safi, ila kwa kreti yetu naona bado itakuwa wanne wanne kugawana kioo na wengine foleni.

Kitu kingine ni Joy-Con, zile pedi mbili za kuchomeka ubavuni mwa kioo, na hapa niko na kidonda changu. Mwaka jana ya kushoto ilianza kuchomoka yenyewe, niko kwenye Coaster natoka Moshi, tunafika Bomang'ombe pedi iko mkononi, kioo kimeangukia mapajani kwa mama wa watu. Mkosaji namjua, ni mpwa wangu, huwa anaivuta bila kubonyeza kile kitufe cha nyuma. Nikampelekea fundi simu mmoja karibu na soko la Kilombero, akatafuta bisibisi ya ncha tatu, ile kama herufi Y, akafungua, akatoa kidude cheusi cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele akakiweka kwenye ncha ya kidole, "bro ona hii pembe imelika, hii ndo ilikuwa inashikilia mzigo wote". Akaweka cha chuma, elfu kumi na tano, mpaka leo haijachomoka.

Ndo maana nimeikodolea macho ile sehemu ya video ambapo pedi mpya inaingia. Haiteremki kwenye reli tena, inakuja kwa ubavu na kujibandika, kwa hiyo wanaosema ni sumaku mimi nakubaliana nao. Watu wanauliza itashika kweli? Itashika tu, hilo halinipi shida. Mimi nawaza vumbi la chuma. Nina mshkaji anachomelea mageti Unga Limited, spika ya simu yake imeota manyoya meusi ya unga wa chuma kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku, hata ukipuliza hautoki. Sasa mtu wa hivyo akinunua konso yenye sumaku mbavuni sijui tutakuwa tunaisafisha na nini, selotepu labda. Kuhusu vile vijiti vya kidole gumba kutembea vyenyewe, jambo ambalo rais wao Shuntaro Furukawa aliliombea radhi kwa wanahisa Juni 2020, video imekaa kimya. Wametuonyesha tu Joy-Con zinateleza sakafuni kama mausi, poa, lakini hilo sio nililokuwa naulizia.

Turudi kwenye kuuza. Wamesema wenyewe kwamba mpya itacheza gemu za Switch, za kadi na za kupakua, isipokuwa baadhi huenda zikagoma au zisikubali vizuri. Mimi nahisi zitakazogoma ni zile zinazotegemea umbo la Joy-Con ya zamani, mfano yale maboksi ya kadibodi ya Labo ya 2018, maana mpya zinaonekana kubwa zaidi. Kwa hiyo kadi zako saba bado ni mali, na wewe unataka kumpa dogo kadi na mashine kwa bei ya mashine tu.

Hili kosa nimelifanya mwenyewe ndo maana nalisemea. 2012 nilikuwa na PSP na diski zake za UMD kumi na nne, Vita, mrithi wake, ikatoka na kila mtu anaimba kioo cha OLED chenye rangi kali, nikaiuza PSP na diski zote kwa laki na themanini kwa mwanafunzi pale pale Moshi, nikaongezea hela ya mkopo nikaagiza Vita. Sikusoma chochote, niliangalia picha tu. Vita haina pa kuingiza UMD. Alafu inatumia memori kadi ya kwake peke yake, microSD ya simu haiingii, na ile ya GB 32 ilitoka Marekani ikiwa dola 99.99, karibu nusu ya bei ya konso yenyewe. Yangu ilikaa kabatini miezi miwili nikisubiri mtu anayetoka Dubai aniletee ka GB 8. Yule mwanafunzi nilikuwa nakutana naye stendi anacheza gemu zangu. Inauma nyie.

Bei sasa. Switch ilianza 2017 kwa dola 299.99, ya OLED ikaja 2021 kwa 349.99, hii mimi naipa 400 au zaidi kidogo. Dola ikiwa kama 2,500 hapo ni milioni moja kabla ya usafiri, ushuru na faida ya aliyeileta, kwa hiyo wa kwanza kushusha mzigo hapa Arusha atakutajia milioni moja na nusu bila aibu. Hiyo laki tano na nusu yako ni theluthi na ushee tu, na katikati hapo utakuwa huna mashine kwa miezi sijui mingapi, hela yenyewe si tunajua itakavyoisha, ada, msiba, harusi ya binamu.

Kuna anayesema subiri bei itaporomoka kama 3DS, konso ya mkononi ya Nintendo kabla ya Switch. Ni kweli 3DS ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 249.99 na Agosti wakaishusha mpaka 169.99, waliowahi wakapewa gemu 20 za zamani kama kifuta machozi. Ila ile ilikuwa haiuziki. Switch wameuza zaidi ya milioni 146 mpaka Septemba 2024 na mpaka Januari 2025 ile bei ya 299 ilikuwa haijaguswa rasmi kule Marekani tangu ianze, sasa mtu wa hivyo atashusha bei kwa huruma gani?

Na tafadhali usimpe mtu advansi. Nishaona tangazo la jamaa anachukua oda za Switch 2 kwa laki tatu, kitu ambacho mpaka Januari hii ya 2025 hata aliyekitengeneza hajakitajia bei. Mimi 2021 nilimwachia mleta mizigo mmoja laki mbili za OLED, nikazungushwa miezi minne, nikaishia kurudishiwa kwa mafungu ya elfu ishirini ishirini.

Kaa nayo mpaka Aprili, badilisha kile kidude cha Joy-Con kiwe cha chuma, endelea kucheza. Dogo wa chuo akifika laki nane njoo tuongee tena, maana hapo hata mimi ya kwangu nitaanza kuiangalia kwa jicho lingine.